Kabla Hujakodi Kamera ya Korona

Kiwanda kilichotuita kiko Industrial Area, Nairobi, na nyuma ya maghala yake kina uwanja wake wenyewe wa umeme: laini ya kilovolti 66 inaingia, transfoma mbili zinaushusha hadi kilovolti 11, kisha unagawiwa mashine. Jina lake nitaliacha. Malalamiko yao hayakuwa mapya. Kila asubuhi yenye manyunyu uwanja ulitoa mlio kama wa mafuta yanayokaanga, redio ya mlinzi haikushika stesheni yoyote, na walinzi wa zamu ya usiku waliapa kwamba juu ya vikombe, yaani vile vihami vya kauri vinavyoshikilia waya, huonekana vimwali vya zambarau vinavyotambaa. Hakuna aliyewasikiliza. Masika ilipoanza, baada ya miezi ya vumbi, manyunyu ya alfajiri yakaangukia vikombe vile, umeme ukaruka kutoka kwenye waya hadi kwenye chuma, swichi kubwa ikakata, na kiwanda kizima kikazima na mali ikaganda ndani ya mitambo.

Si kwamba hawakuwa wamekagua. Kamera ya joto ilikuwa imepitishwa uwanjani muda mfupi kabla, na ripoti ilisema hakuna kasoro. Meneja alinionyesha ripoti hiyo kwa hasira, akitaka nikubali kwamba waliompigia picha ni matapeli. Sikukubali. Niliisoma yote na sikuona uongo ndani yake. Walipima joto, na joto halikuwepo.

Joto kwenye mitambo ya umeme huletwa na mkondo unapopita penye ukinzani: kiungo kilicholegea, kibano kilicholiwa na kutu, swichi ambayo meno yake hayakai sawasawa. Korona, yaani umeme unaovujia hewani kutoka kwenye waya au chuma, hailetwi na mkondo, inaletwa na volteji. Zima mashine zote Jumapili, kiungo kibovu kitapoa hadi kisionekane, lakini korona itaendelea vilevile madhali laini ina umeme. Na joto lake ni dogo mno, kamera ya joto haina cha kushika hapo. Kwa hiyo kama una pesa za kamera moja tu, jiulize kwanza kama ugonjwa unaoushuku ni wa mkondo au wa volteji. Wengi hawajiulizi. Wanakodi ile iliyo karibu.

Nieleze kidogo kinachotokea, maana bila hili utakuwa unatazama madoa tu kwenye skrini. Penye ncha kali, au uzi mmoja wa waya uliokatika, au uchafu uliolowa, uga wa umeme hujikusanya mahali padogo. Ukizidi kile ambacho hewa inaweza kustahimili, takriban kilovolti 30 kwa sentimita katika usawa wa bahari, hewa yenyewe huanza kupitisha umeme kidogokidogo. Naitrojeni ya hewani ikichokozwa hivyo hutoa mwanga, na sehemu kubwa ya mwanga huo ni urujuanimno wa kati ya nanomita 300 na 400, ambao jicho halioni. Usiku wa giza totoro jicho huambulia zambarau hafifu. Wale walinzi hawakuwa wakiota. Mchana huoni kitu, kwa sababu jua nalo lina urujuanimno wa aina hiyohiyo, tena mwingi kupita kiasi.

Ujanja wa kamera ya korona ni kuiacha hiyo sehemu yenye mwanga mwingi na kwenda kuvizia kwenye kijisehemu cha kati ya nanomita 240 na 280. Huko korona hutoa mwanga kidogo sana, lakini wa jua haufiki ardhini kabisa, maana ozoni ya angani huwa imeshaumeza. Kichujio huzuia mengine yote, kikuza-mwanga hukiongeza hicho kidogo kilichopenya, na kamera ya pili, ya kawaida, hupiga picha ya mitambo. Picha mbili hulazwa moja juu ya nyingine. Unachoona ni uwanja wako wa kila siku, mchana kweupe, na madoa yanayochezacheza pale penye korona. Waafrika Kusini wamo katika kazi hii tangu zamani, CoroCAM ilizaliwa katika taasisi ya utafiti ya CSIR kule Pretoria. Waisraeli nao wana DayCor yao. Ile tuliyotumia sisi sitaitaja, na kwa kazi ya aina yetu tofauti kati ya moja na nyingine haikuwa na uzito kama watu wanavyobishana.

Kununua hatukuthubutu hata kufikiria. Kamera mpya ya urujuanimno ni makumi ya maelfu ya dola, na ukigeuza kwa shilingi unapata mamilioni ambayo kampuni ndogo ya makandarasi haina. Tukakodi kutoka nje. Bei ya kukodi kwa siku haikututisha. Kilichotuumiza ni vile vilivyoizunguka. Siku zilihesabiwa tangu kifaa kitoke ghalani kwao hadi kirudi, wala si siku tulizopiga picha. Kulikuwa na bima ya safari. Kulikuwa na dhamana ya forodha, kwa sababu kifaa kinaingia nchini kwa muda na serikali inataka kuhakikishiwa kwamba kitatoka. Wakala wa forodha pale uwanja wa ndege wa JKIA alitaka ada yake kabla hajagusa karatasi. Kisha kamera ikalala kabatini ofisini, kodi ikitembea, kwa kuwa afisa wa usalama wa kiwanda alikuwa likizo na hakuna mwingine aliyekuwa na mamlaka ya kutia sahihi kibali cha kuingia uwanjani. Kwa sasa sisi hatuagizi kamera mpaka kibali cha kazi kiwe mkononi, na kila mwenye kalamu awe ametaja nani atamshikia nafasi asipokuwepo.

Kuna waliotushauri tuifunge kwenye droni. Droni inahitaji idhini ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na Industrial Area iko katikati ya viwanja viwili vya ndege, Wilson na JKIA. Ukitaka kujichosha, anza huko. Uwanja wa kilovolti 66 ni mdogo na vyuma vyake vyote vinaonekana ukiwa umesimama chini. Tuliachana na wazo hilo siku hiyohiyo.

Mtu tuliyemchukua bila kusita ni mzee mmoja aliyestaafu kazi ya laini. Kazi yake ilikuwa moja: kuniangalia mimi. Anayepiga picha macho yake yako kwenye skrini, na skrini inakuvuta. Unataka kuona kikombe kutoka upande wa pili, unarudi nyuma hatua moja, mbili, na nyuma yako kuna fito za shaba zenye umeme. Sheria ya mzee ilikuwa kwamba kamera ikiwa usoni miguu haitembei. Ukitaka kuhama, shusha kamera, tazama juu, tazama unakokwenda, hama, kisha simama. Asubuhi ya kwanza manyunyu yalianza, na kijana wetu mmoja, kwa nia njema kabisa, akafungua mwavuli kuikinga skrini. Sijawahi kumsikia mzee akipaza sauti vile. "Funga hicho kitu! Unataka mama yako aletewe viatu?" Mwavuli ule una ufito wa chuma na ulikuwa umeinuliwa juu ya vichwa vyetu, chini ya laini. Kuanzia siku hiyo begi la kila mmoja lilikaguliwa langoni, na mfuniko wa plastiki wa kamera ndio uliotumika. Hata stendi ya miguu mitatu tuliipima urefu kabla ya kuiingiza.

Kamera ilipowashwa, skrini ilijaa. Vikombe, ncha za fito, boliti za vibano, kila mahali palikuwa na doa. Meneja alikuwa amesimama pembeni yetu na uso wake ukabadilika. "Yaani yote ni mbovu?" Akaanza kupiga simu palepale kuulizia bei ya vikombe vipya.

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kamera hizi zina kiwango cha ukuzaji unachoweza kupandisha na kushusha. Ukikipandisha hadi mwisho, utaona korona hata pale ambapo haina maana yoyote. Na Nairobi inaongezea lake. Tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni takriban asilimia 80 ya lile la Mombasa. Hewa nyepesi hupasuka upesi zaidi chini ya volteji, F. W. Peek, mhandisi wa Kimarekani, aliliweka jambo hilo katika kanuni zake mwanzoni mwa karne ya 20, na wasanifu wa mitambo hufanya marekebisho kwa ajili ya miinuko tangu hapo. Maana yake kwetu ni kwamba kibano kilekile, boliti ileile, inayokaa kimya Changamwe kule Mombasa, huku inaweza kutoa korona kidogo mwaka mzima bila kumdhuru mtu. Ukichukua picha za mfano zilizopigwa pwani au nchi tambarare na kulinganisha na zako, utaubomoa uwanja mzima bure.

Tulishusha ukuzaji hadi madoa mengi yakatoweka, tukaandika kiwango hicho, na tangu hapo hatukukigusa. Jambo hili nalisisitiza kwa kila anayenipigia simu. Skrini inakupa namba, hesabu ya fotoni, zile punje za mwanga, kwa dakika, na namba hiyo inavutia sana kwa sababu inafanana na kipimo. Lakini inategemea ukuzaji, inategemea unyevu, na inategemea umesimama wapi: rudi nyuma hadi umbali uwe mara mbili, nayo inashuka hadi robo. Nimeona ripoti ya watu wengine, si ya kiwanda hiki, ambapo vikombe vimepangwa kwa namba hiyo kuanzia kibaya hadi kizuri, na umbali haukuandikwa hata mahali pamoja. Ripoti hiyo haina thamani ya karatasi iliyochapiwa.

Doa lililotusumbua zaidi siku hiyo lilikuwa kwenye bushingi ya transfoma ya pili, yaani kihami kinachopitisha waya kuingia ndani ya tangi. Lilikuwa kubwa, jeupe pe, likija na kuondoka. Likija linawaka sekunde kadhaa, likiondoka hakuna kitu. Korona haifanyi hivyo. Inachezacheza, lakini haijizimi namna ile. Mzee alitega sikio, akatazama ukuta wa mabati, akasema, "Mwanangu, hebu mtume mlinzi upande wa pili." Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na mafundi wa jua kali wanaochomelea mageti. Mwanga wa kuchomelea una urujuanimno mwingi, kijisehemu cha kamera yetu kikiwemo, na ulikuwa ukigonga kauri inayong'aa ya bushingi na kurudi kwetu. Tuliongea na mafundi. Walikubali kusimama kwa muda tukishawanunulia chai na mandazi, na bushingi ikabaki safi kabisa. Kama tungeandika ripoti kwa ile video peke yake, kiwanda kingeagiza bushingi mpya kutoka ng'ambo. Katika Nairobi, penye kiwanda pana mchomeleaji. Mtafute kabla hujaamini doa lolote linalokuja na kuondoka. Moto wa takataka nao huonekana, ingawa huo angalau unauona kwa macho.

Hali ya hewa ndiyo iliyoamua kila kitu kilichofuata. Vumbi na masizi ya Industrial Area yakiwa makavu hayapitishi umeme. Ukipiga picha Februari saa nane mchana, vikombe vichafu kabisa vitaonekana wazima. Mvua kubwa nayo inavisafisha. Ubaya uko katikati: manyunyu, ukungu, umande wa alfajiri. Uchafu ukilowa unaanza kupitisha mkondo mdogo juu ya uso wa kikombe, mkondo huo unakausha ukanda mwembamba, volteji yote inajikusanya kwenye ukanda huo, na cheche zinaruka juu yake. Ukanda mwingine unakauka, cheche zinahama. Ndivyo walinzi walivyoona vimwali vinavyotambaa, na ndivyo, siku ukanda mmoja ukishikana na mwingine, kikombe kizima kinavyorukwa. Juni hadi Agosti, Nairobi ikiwa ya baridi na mawingu, ndio msimu wa kazi hii. Fika kabla jua halijachomoza. Na ukiwa na uwezo piga mara mbili, siku kavu na siku yenye unyevu, kwa kiwango kilekile cha ukuzaji na kutoka alama ileile uliyoichora chini. Kinachowaka siku zote mbili kina tatizo la umbo: ncha, ufa, chuma kilichokaa vibaya. Kinachowaka siku ya unyevu tu ni uchafu, dawa yake ni maji.

Sisi tulichora alama kwa rangi ya njano kwenye kokoto. Zilikuwa zimekwanguliwa tuliporudi, kumbe mfanyakazi wa usafi alidhani ni uchafu. Tumia vigingi vya mbao.

Kabla sijaendelea na kiwanda, niseme habari ya laini moja ya kilovolti 220 nje ya jiji, kwa sababu ndiko nilikoelewa kwamba doa dogo linaweza kuwa baya kuliko kubwa. Tulikuwa tumekodi kamera tayari, na mwenye laini akatuomba tumpigie minara michache. Juu ya mnara mmoja kulikuwa na doa kubwa linalong'aa kwenye boliti ya kibano cha waya, na doa dogo, la kupata kwa kuvizia, chini ya kihami cha mpira wa silikoni, pale mpira unapokutana na kofia ya chuma. Mhandisi kijana wa upande wao alikuwa ameshaandika boliti kuwa namba moja. Mzee akamwambia, "Injinia, chuma hakiozi kwa korona. Mpira unaoza."

Alikuwa sahihi, na sababu inajulikana vizuri. Korona hutengeneza ozoni, na pamoja na unyevu hutengeneza asidi ya nitriki. Juu ya boliti nene ya chuma asidi hiyo itahangaika miaka na mikaka. Juu ya silikoni inakula. Ikishatoboa mpira na kufika kwenye ufito wa nyuzi za kioo ulio ndani, ufito huo unaweza kukatika ghafla, waya ukaanguka, bila dalili nyingine yoyote. Kihami hicho kilipaswa kuwa na pete ya chuma ya kutawanya uga wa umeme mwishoni mwake. Vya jirani vilikuwa nayo. Chenyewe hakikuwa nayo. Aliyekifunga aliisahau, au alibakiwa nayo mkononi akaona haya kupanda tena.

Laini ilipozimwa na kihami kushushwa, nilikishika. Sahani za juu zilikuwa laini na za kijivu, maji yakizimwagikia yanajikunja matone na kukimbia. Sahani ya mwisho karibu na kofia ilikuwa nyeupe, ukipitisha kidole unabaki na unga, na maji yalitandaa juu yake bila kukimbia. Kwenye mshono wa kofia kulikuwa na mfereji unaoweza kuingiza ukucha. Chini ya mfereji, rangi ya ufito ilikuwa imeanza kuonekana. Doa lake kwenye skrini lilikuwa na hesabu ndogo kuliko yote ya siku ile.

Ndiyo maana sasa nikitazama doa swali langu la kwanza si ukubwa. Nauliza limekaa juu ya nini. Likiwa juu ya chuma kitupu, mbali na kihami, naliandika na kuendelea. Likiwa juu ya kauri, natazama siku kavu linasemaje. Likigusa mpira, hasa kwenye kofia, linapanda juu ya orodha hata kama ni punje.

Turudi kiwandani. Uwanja wa nje ulikuwa nusu tu ya kazi. Chumba cha swichi za kilovolti 11 kilikuwa na mlio wake. Huko kamera ya urujuanimno haikutufaa. Kabati zimefungwa kwa chuma, na hata vile vidirisha vya kioo vilivyopo ni bure, kwa sababu kioo cha kawaida huzuia urujuanimno wa kijisehemu kile. Kufungua kabati zenye umeme ili kupiga picha ni jambo ambalo hata usilitaje mbele ya mtu wa usalama. Tukatumia kamera ya sauti, ubao wenye maikrofoni ndogo nyingi zinazosikiliza sauti za juu kuliko sikio la binadamu na kuchora zinakotokea juu ya picha. Sauti hupenya kwenye nyufa za kabati. Ni rahisi kuitumia, bei yake ni afueni ukilinganisha na ile nyingine, na kama kiwanda kina pesa za kununua kimoja tu cha kubaki nacho, mimi ningesema kinunue hiki.

Ila ina mambo yake. Breki za upepo za malori barabarani zinapiga mluzi uleule inaousikiliza, na bomba la hewa lililovuja kwenye karakana ya jirani lilituchorea doa zuri sana ukutani. Kinachotenganisha ni mchoro unaoonyesha sauti inatokea wapi ndani ya kila mzunguko wa umeme, yaani kule kupanda na kushuka kwa volteji mara 50 kila sekunde. Uvujaji wa hewa hausikilizi mzunguko, unatapakaa kote. Korona ya ncha hujikusanya upande mmoja wa mzunguko. Umeme unaotambaa juu ya uso wa kihami hujitokeza pande zote mbili. Lakini kabla ya kusoma mchoro huo hakikisha kamera imewekwa hezi 50. Yetu ilikuja ikiwa imewekwa 60, ya Marekani, na ikiwa hivyo hata korona halisi inatapakaa kama uvujaji wa hewa. Kijana wetu ndiye aliyeligundua, yuleyule wa mwavuli, na alitembea kwa maringo wiki nzima.

Wala usidanganyike kwamba kamera yoyote kati ya hizi inaona ndani ya tangi la transfoma. Mafuta na chuma vinaficha. Huko unachukua sampuli ya mafuta na kupima gesi zilizoyeyuka ndani yake, haidrojeni na asetilini zikiwa za kutiliwa maanani kwanza. Meneja alitaka niandike "transfoma ni nzima" kwa sababu hazikuwa na doa. Niliandika "hakuna korona iliyoonekana nje ya transfoma", tukabishana juu ya sentensi hiyo moja kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Ripoti yenyewe niliigawa mara tatu: vya kuosha, vya kubadilisha, vya kuachwa. Vya kuosha vilikuwa vingi. Vya kubadilisha vilikuwa vichache: vikombe vyenye ufa vilivyowaka siku kavu, na kihami kimoja cha kebo ndani ya kabati ambacho kamera ya sauti ilikionyesha, na kilipofunguliwa umeme ukiwa umezimwa kilikuwa na njia nyeusi ya mkaa iliyoanza kutambaa juu yake pamoja na unga mweupe wa asidi kwenye shaba. Vya kuachwa ndivyo vilivyoleta maneno. Meneja aliona nimempelekea picha za vitu vinavyowaka kisha nikamwambia asifanye kitu. Bosi wake naye akauliza tulilipwa kwa nini basi. Nilimpeleka meneja uwanjani alfajiri moja, vikombe vikiwa vimeshaoshwa na kupakwa silikoni ya kuzuia maji, nikampa kamera ashike mwenyewe. Vikombe vilikuwa kimya ingawa manyunyu yalikuwa yakishuka. Ncha za fito za shaba zilikuwa bado zinawaka, zilezile, kwa kiasi kilekile. Alizitazama sana. "Hizi ndizo zako za kuacha?" Ndiyo. Hakusema zaidi, lakini hakuagiza kitu.

Video zote tuliwaachia, si picha pekee. Picha moja inaweza kukamata korona ikiwa imelala au ikiwa imeruka juu kuliko kawaida. Video ya nusu dakika inaonyesha tabia yake. Kila faili lina jina la kikombe, umbali, ukuzaji, unyevu wa hewa na saa, ili atakayerudi mwakani, awe sisi au wengine, asimame palepale.

Kuhusu malipo, andikeni mkatabani kwamba kodi ya kamera na gharama za forodha zinalipwa kabla kamera haijapanda ndege, na zitenganishwe na malipo ya ripoti. Sisi tulizichanganya kwenye ankara moja. Kiwanda kilipoikataa ile sehemu ya vya kuachwa, wahasibu wao walizuia ankara nzima, na kodi ya kamera tukaitoa mfukoni kwetu. Nusu imeshalipwa. Nusu nyingine naifuatilia kila Jumatatu; karani wa hesabu siku hizi ananijua kwa sauti.